Kifungu cha Mama Kulwa

Mwanangu Nyamizi,

Salamu tumekwisha kupeana jioni, kwa hiyo hapa sizirudii. Habari za blanketi, chandarua na mtu atakayekupokea stendi ya Dodoma, mama zako wadogo wamekueleza mpaka umechoka, nami sina la kuongeza. Nilikuona ulivyokuwa unaitikia "sawa mama, sawa mama" huku unatazama simu. Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa kompyuta kwa sababu najua ndio utakaoufungua wa kwanza. Isome basi likishatoka mjini. Usiisome mbele yangu, maana nitakimbia.

Jana wakati wa kukuaga, mwenyekiti wa jumuiya yetu alisimama akasema mambo ya kamati kwako ni ya damu, kwamba mama yako ndiye aliyezikalisha meza moja kata mbili zilizokuwa zinataka kuchinjana. Watu wakapiga makofi ua mzima. Halafu ukasimama wewe. Ukasema kwenye usaili walikuomba mfano wa jinsi maandishi ya pande mbili zinazopingana yanavyoweza kufanywa kuwa andiko moja, na wewe ukawasimulia kamati ya mama yako. "Nadhani mama ndiye aliyenipa hii kazi," ukasema, ukacheka, ukanitafuta kwa macho.

Hukuniona kwa sababu nilikuwa nimeingia stoo na sinia la pilau mkononi, nimekaa juu ya gunia la mchele. Mama yako mdogo alipokuja kunitafuta nikamwambia moshi umeniingia machoni. "Moshi wa gesi?" akaniuliza. Tukacheka wote wawili, kisha nikatoka nikaendelea kupakua. Nimekuwa mtu wa kucheka mahali nilipopaswa kusema, Nyamizi, na hiyo ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukuandikia.

Kamati ilikuwepo, hilo si uongo. Wewe ulikuwa shule ya bweni, na likizo zako nyingi ulizimalizia kwa dada yangu Mama Kulwa, kwa sababu mimi nilikuwa diwani wa viti maalumu na sikukaa nyumbani. Ngitili ya kule unaikumbuka. Ile mbuga kubwa kati ya kata yetu na kata ya ng'ambo, inayofungwa mvua zikianza ili nyasi zipone, ikafunguliwa kiangazi ng'ombe wasife. Zamani haikuwa na karatasi. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwa mdomo, na mdomo ulitosha mpaka ng'ombe walipozidi na mashamba ya mpunga yakaanza kuila ile mbuga pembeni. Vijana wakaanza kuviziana kwa fimbo, baadaye kwa mishale. Halmashauri ikasema kila kata ilete rasimu ya sheria ndogo.

Kata yetu ilifanya mkutano mkuu. Wanaume walisema ya ng'ombe mpaka jua likawa utosini. Ndipo dada yangu akasimama. Unamjua alivyo. Mtu asiyesema kanisani hata matangazo, siku ile alisimama na kanga yake ameikunja mkononi. Akasema: "Mimi ni mjane. Sina ng'ombe hata mmoja. Nyumba yangu naiezeka kwa nyasi za ngitili, na chakula changu nakipika kwa kuni za mlemle. Zamani hakuna aliyetukataza. Sasa mkiandika ya ng'ombe peke yake, mimi nitakuwa mwizi. Naomba na mimi niandikwe."

Kisha wanawake wakaanza kusema ndiyo, ndiyo. Kikaandikwa kifungu: wanawake wasio na mifugo, wajane kwanza, wataruhusiwa kukata nyasi za kuezekea na kuokota kuni kavu hata ngitili ikiwa imefungwa. Watu wakakiita kifungu cha Mama Kulwa. Jioni alikuja kwangu, hakukaa hata kitini, akaniuliza, "Mdogo wangu, huko halmashauri utakisimamia?" Nikamwambia, "Dada, hicho ni changu."

Rasimu ya ng'ambo ilipofika haikuwa na kifungu kama hicho. Haikukataza wala haikuruhusu. Ilinyamaza tu. Na hapa, mwanangu, ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu juzi tukichambua mchele ulinieleza jinsi muswada unavyosafiri huko bungeni unakokwenda: serikali inakuja na maandishi yake, wadau wanaitwa wanatoa yao, kamati inatoa yake, kisha watu wanakaa chumbani na jedwali la marekebisho mpaka yote yawe andiko moja. Ulikuwa unaeleza kwa furaha. Mimi nilikuwa naona chumba kingine.

Tulikuwa madiwani wachache wa kila upande, mwenyekiti, na mwanasheria wa halmashauri. Mwanamke ni mimi peke yangu. Mwanasheria alikuwa kijana wa Kizaramo, mchangamfu, mwenye akili. Alibandika rasimu zote mbili ubaoni, moja kushoto moja kulia, akatupa utaratibu: palipofanana tusiguse, palipotofautiana tujadili, na hatutoki mpaka ubao uwe na safu moja. Utaratibu mzuri. Hata leo sina la kuulaumu.

Siku ya kwanza tulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Adhabu tukakubaliana. Mipaka tukakubaliana baada ya kelele nyingi. Tukakwama kwenye mwezi wa kufungua. Sisi tulitaka Agosti, wao Julai, na kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake kichwani. Tukalala nalo. Kesho yake, kabla ya chai, diwani mmoja wa ng'ambo akanivuta pembeni barazani. Akaniambia, kwa heshima kabisa, "Mheshimiwa, Agosti yenu tutaimeza. Lakini kile kifungu cha kuni mkitoe. Wetu watasema wanawake wa kwenu wamepewa mbuga, wao wamenyimwa. Kwanza mlinzi atajuaje huyu anakata nyasi na huyu anakata mti?"

Ningeweza kumjibu. Jibu lilikuwa jepesi: basi waandikeni na wanawake wa kwenu. Kifungu kingewalinda wa pande zote, na ugomvi wake ungekwisha palepale. Lilinijia kichwani, Nyamizi, nakuapia, lilinijia wakati ameshika mkono wangu. Sikulisema. Kwa sababu tangu rasimu yetu ifike halmashauri wenzangu walikuwa wameanza kuniita diwani wa kuni. Nikiingia, "diwani wa kuni amefika." Nikinyoosha mkono, "ngojeni, kuni zinataka kusema." Na mimi nilikuwa natafuta umakamu mwenyekiti. Nilitaka nitajwe kwa mambo makubwa, mipaka, ng'ombe, amani. Sikutaka kuwa mtu wa kuni.

Tulipoingia ndani mwanasheria akafika kwenye kile kifungu. Akagonga ubao kwa kalamu. "Upande mmoja umesema, upande mwingine umenyamaza. Tunafanyaje?" Wote wananitazama mimi. Yeye, kwa kuwa Wazaramo ni watani zetu tangu misafara ya pwani, akaamua kutuchangamsha. "Jamani Wanyamwezi! Mababu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka kwetu Bagamoyo, hawakulalamika. Nyie kamzigo kamoja ka kuni kanawashinda kutua?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Na unajua desturi zetu: mtani akikutania, ukanuna, mwenye kosa ni wewe. Unamrudishia. Nikamrudishia. Nikasema, "Sisi tulibeba, nyie mkatupokea kwa nazi mbovu!" Wakacheka zaidi, mwenyekiti akafuta machozi. Kicheko kilipopungua mwanasheria alikuwa ameshapiga mstari juu ya kile kifungu, anauliza, "Tuendelee?" Mwenyekiti akasema mambo ya kuni watu watajielewa wenyewe kwa desturi. Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa miaka mingi nilijiambia ni utani ndio uliokifuta. Kwamba nilinaswa na adabu zetu wenyewe, kwamba mtu yeyote wa huku angenaswa. Si kweli. Yule kijana alikuwa anatania tu, na lau ningesema, "Mtani, nimecheka, sasa rudisha kile kifungu," angekirudisha na hakuna ambaye angenuna. Mimi nilikuwa nimekwisha kukiuza barazani. Kicheko kilinipa mahali pa kujificha, nikajificha.

Agosti tukaipata. Amani ikapatikana, na hili nalo nilikatae vipi? Mishale iliisha. Ukame uliofuata ng'ombe wa pande zote mbili walipona kwa ile ngitili. Kuna vijana wa umri wako walio hai leo kwa sababu ya ule ubao. Ningependa kukuambia kazi yetu ilikuwa mbaya tupu, ingekuwa rahisi kuichukia. Ilikuwa nzuri, na ilijengwa juu ya dada yangu.

Sehemu ninayoionea aibu kuliko zote bado iko mbele. Nilirudi kijijini kusoma taarifa. Uwanja ulijaa. Nikasoma mipaka, nikasoma mwezi, nikasoma adhabu, nikasema kwa sauti ya mkutano: "Rasimu mbili sasa ni sheria moja, na kila mmoja wetu yumo." Hayo maneno ya mwisho hayakuwa kwenye karatasi. Niliyaongeza mwenyewe, kwa sababu nilimwona amekaa mbele, ametega sikio, anangoja kusikia kifungu chake. Niliposema "kila mmoja wetu yumo", akaamini. Akasimama akapiga vigelegele. Yeye ndiye aliyeanza, wengine wakamfuata. Vile vigelegele nilivipokea, Nyamizi. Nilipunga mkono.

Mvua zikaja, ngitili ikafungwa. Mama Kulwa akaingia na mundu wake mchana kweupe, anaimba, kama mtu anayeingia shambani kwake. Sungusungu wakamkamata. Hakuogopa hata kidogo. Akawaambia, "Nendeni kwa diwani, ni mdogo wangu. Kifungu changu kipo." Wakamleta mpaka uani kwangu, na mzigo wa nyasi kichwani. Walikuwa na heshima, walitaka tu kuhakikisha. Kamanda wao akaniuliza, "Mheshimiwa, hicho kifungu kipo?"

Nikasema, "Hakipo."

Dada yangu akanitazama. Akangoja niendelee, na uso wake haukuwa na hasira bado, alidhani kuna sentensi ya pili. Nami niliitoa sentensi ya pili. Nikasema, "Sheria haina dada." Wale vijana wakatikisa vichwa kwa kunistahi. Habari ikaenea kijiji kizima kwamba diwani ni mtu wa haki, hapendelei ndugu. Mwaka uleule nikapata umakamu.

Unajua sungusungu wakimtia mtu hatiani wanafanya nini. Walimtenga. Hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumwazima jembe, hakuna wa kumsalimia wala kumwitikia, mpaka muda wao uishe. Ukimsalimia, unatengwa na wewe. Siku moja nilikutana naye njia ya lambo, yeye anapanda na ndoo, mimi nateremka na wanawake wa kikundi. Njia nyembamba ile, unaikumbuka, mtu lazima apishe. Alipisha yeye. Mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni, akasimama kwenye miiba ili mimi nipite. Nikapita. Sikumpa shikamoo. Nikawageukia wanawake nyuma yangu, nikaanza kuzungumzia mkutano wa kikundi.

Muda wa kutengwa ulipokwisha hakukaa tena. Paa lake lilikuwa limeoza, hakuwa na nyasi za kuliezeka. Akahamia Kwihara kwa Kulwa, kwenye kile kishamba nyuma ya ile nyumba ya makumbusho wazungu wanakokwenda kupiga picha. Na wewe uliporudi likizo ukauliza mama mkubwa yuko wapi, nikakuambia ameondoka kwa hasira ya shamba la babu. Kwamba alitaka alichukue lote. Nilikuambia hivyo nikikata mboga, bila hata kuinua macho, na ilitoka kwa urahisi mno. Marehemu baba yako alinisikia, akaamini na yeye.

Ukamchukia kwa ajili yangu. Ulikuwa mtoto mwaminifu. Mwaka jana msibani Ziba nilikuona ulivyomsalimia, shikamoo ya kutupa, ukapita. Akaitikia marahaba, akakuuliza masomo, ukasema mazuri, ukaondoka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya turubai nasikia yote. Alibaki anautazama mgongo wako mpaka ukaingia ndani. Hata hapo sikusema. Na juzi ulipopanga watu wa kualika ukasema, "Mama mkubwa tumuache, asije akatuharibia siku," nikaona afadhali. Neno hilo ndilo lililopita kichwani mwangu: afadhali.

Sasa wewe unakwenda kukaa chumba kama kile. Utakuwa karani, hutapiga kura, lakini kalamu itakuwa mkononi mwako. Sikufundishi kazi, umeisomea kuliko mimi. Nakuambia tu nilichokiona. Watu wakigombana sana juu ya jambo, usiwe na wasiwasi na hilo jambo, lina wenyewe. Mimi kilichonipotea ni kile ambacho hakuna aliyekuwa tayari kukigombania, na aliyekileta hakuwemo chumbani. Hukioni kikiondoka. Hakuna kura, hakuna kelele. Kunakuwa na kicheko kidogo, au chai inaletwa, na ubao unabaki na safu moja safi, na kila mtu anafurahi kwenda nyumbani. Na ukishakuwa umefurahi, ni vigumu mno kurudi kwa mtu na kumwambia, "Chako kimetoka." Mimi nilishindwa. Lau ningemwambia siku ile uwanjani mbele ya watu, angelia, angenitukana, lakini asingeingia ngitili anaimba.

Nilikuwa nimekusudia kunyamaza mpaka nife. Usinione jasiri kwa barua hii. Ila ulipopata kazi na kuanza kuwasimulia watu habari za kamati yangu, nikaona uongo wangu umeanza kupanda basi na wewe. Kwa hiyo wiki iliyopita, niliposema nakwenda sokoni, nilikwenda Kwihara.

Nilimkuta anapepeta karanga. Amezeeka, Nyamizi. Nikampigia magoti palepale kwenye maganda, nikamweleza yote: barazani, kicheko, mstari ubaoni, taarifa niliyoisoma. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akasema, "Nilijua siku ile ile uliposema hakipo. Wewe tangu utotoni ukifanya kosa unaongea kama mwalimu. Nilikuwa nangoja uje."

Nikalia. Nikamwambia, "Basi dada, nimekuja."

Akaweka ungo chini. Akaniuliza, "Nyamizi anajua?"

Nikasema hapana.

"Basi bado hujaja," akasema, akachukua ungo wake, akaendelea.

Kesho nikishakupandisha basi sitarudi nyumbani Isevya. Nitakwenda Kwihara moja kwa moja. Ataniuliza tena, namjua, na safari hii nitakuwa na la kumjibu.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa na kukudanganya.